Vita ni Kungoja: Penseli za Askari Wasiokuwa Wachoraji

(Mazungumzo kwa kikundi cha vijana wachoraji, Dar es Salaam. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, nikipunguza utani uliosababishwa na umeme kukatika.)

Shikamooni wazee wangu mlioko mbele. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kiti na kwa maji.

Mwenyekiti wenu aliponialika aliniambia nizungumzie sanaa na vita. Nikamjibu, mwanangu, hiyo ni bahari na mimi nina mtumbwi. Basi tukakubaliana niwapeleke kwenye ghuba moja tu: michoro ya askari wa kawaida katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865. Picha za rangi za majenerali waliopanda farasi sizitaki leo. Nataka yule kijana mwenye kipande cha penseli mfukoni, karatasi ya barua gotini, na jioni ndefu isiyokwisha.

Kabla sijaendelea, nani hapa amepita JKT? Naam, mikono si haba. Niambieni, kuruta anafanya nini kutwa nzima? (Sauti kutoka nyuma: "Fatiki!") Fatiki. Na baada ya fatiki? ("Foleni!") Haya, mmekwisha kunimalizia hotuba. Ningeweza kurudi nyumbani.

Maana ndivyo ilivyo. Sisi tusiokwenda vitani hudhani vita ni kupigana, ilhali aliyekwenda atakwambia vita ni kungoja. Chukueni mfano wa jeshi kubwa la Kaskazini, yaani upande wa serikali uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, lile lililoitwa Jeshi la Potomac. Julai 1863 lilipigana Gettysburg kwa siku tatu, tarehe 1 hadi 3, na siku hizo tatu zimechorwa na kuandikwa mpaka hakuna jiwe la pale ambalo halijulikani. Desemba ya mwaka huohuo jeshi hilo likapiga kambi ya majira ya baridi huko Brandy Station, Virginia, na halikuondoka mpaka Mei ilipoingia. Watu zaidi ya laki moja, miezi mitano, tope. Walikata miti ya wilaya nzima kwa kuni na kujenga vibanda. Je, miezi hiyo mitano imetundikwa kwenye ukuta wa jumba gani la makumbusho? Na ukumbuke, vita hivyo viliua zaidi ya watu 600,000, na takriban theluthi mbili yao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya matumbo, surua, nimonia. Maana yake waliuawa na kambi.

Mtasema, palikuwa na wapiga picha. Palikuwapo, na wazuri sana. Lakini kamera ya wakati ule ilikuwa kazi ya duka la dawa. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatumbukizwa kwenye dawa nyingine, likapigwa picha likiwa bado bichi, kisha likakimbizwa kwenye gari la farasi lililogeuzwa chumba cha giza. Aliyepigwa alitakiwa kutulia sekunde kadhaa. Ndiyo sababu kila mtu kwenye picha zile amesimama kama anapiga picha ya pasipoti. Hakuna anayejikuna. Hakuna anayecheka mpaka akashika mbavu. Na magazeti hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha yenyewe. Mafundi walikuwa wakiichonga upya kwenye ubao mgumu ndipo ichapwe.

Palikuwa pia na wachoraji wa magazeti, watu kama Alfred Waud, Edwin Forbes, na Winslow Homer, ambaye baadaye akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi ile. Siwabezi. Waud alichora huku mizinga ikilia. Lakini hao walikuwa na mhariri, na mhariri anataka moshi. Mimi nimechorea magazeti miaka mingi, najua. Ukimpelekea mhariri picha ya watu wanne wanasubiri maji yachemke atakuuliza, "Habari iko wapi?"

Sasa tazameni huku ukutani. Huyu ndiye niliyekuja kwa ajili yake.

Jina lake Charles Wellington Reed, mzaliwa wa Charlestown, Massachusetts. Alijiunga Agosti 1862 na Bateri ya 9, kikosi cha mizinga myepesi cha jimbo lake. Kazi yake ilikuwa kupiga tarumbeta: kuamsha watu, kuwaita kula, kuwaita kumwagilia farasi maji, kuwalaza. Hakuna aliyemwajiri kuchora. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wenzake wengi, lakini ni vita vilipokaribia mwisho ndipo wakubwa walipong'amua na kumhamishia kwa wahandisi wa ramani; kabla ya hapo alikuwa anachora kwenye barua za kwenda kwa mama yake na dada yake. Maneno yanakwenda mistari mitatu, minne, halafu penseli inachoka na maneno, inachora. Farasi anaingia katikati ya sentensi.

Msidhani huyu alikuwa wa kukaa nyuma na karatasi. Tarehe 2 Julai 1863, pale Gettysburg, bateri yake iliachwa peke yake karibu na shamba la akina Trostle ikiambiwa ishikilie. Nahodha wao, John Bigelow, akapigwa risasi akaanguka. Akamwamuru Reed amwache ajiokoe. Reed akakataa, akampandisha kwenye farasi na kumwongoza taratibu kurudi nyuma, huku adui upande mmoja na mizinga ya kwao upande wa pili. Kwa kitendo hicho alipewa Medali ya Heshima, mwaka 1895, miaka thelathini na miwili baadaye. Serikali nazo, kama mnavyozijua.

Lakini mimi sikuja kuzungumzia medali. Nimekuja kuzungumzia biskuti.

Mwaka 1887 mkongwe mwingine wa mizinga, John D. Billings, alitoa kitabu cha maisha ya kambini, na Reed akakichorea zaidi ya michoro mia mbili. Ile mikono iliyozoea kuchora kwenye barua ikapewa nafasi ya kuchora yale yote yaliyokuwa madogo mno kwa magazeti. Biskuti ngumu ya jeshi, kwa mfano. Unga na maji tu, imekaushwa hadi imekuwa tofali. Askari alipewa tisa au kumi kwa siku. Masanduku yake yaliandikwa herufi B.C., ambazo huenda zilimaanisha tu bohari ya brigedi, ila kwa kuwa kwa Kiingereza herufi hizohizo ni "Kabla ya Kristo", askari wakasema hiyo ndiyo tarehe ilipookwa. Ilikuwa na fukusi. Walivunja biskuti ndani ya kahawa ya moto, fukusi wakaelea juu, wakawaengua kwa kijiko, wakanywa. Wenye kula maharage ya shule za bweni mnanielewa bila mkalimani.

Au hema. Palikuwa na hema kubwa la duara lenye ncha juu, lililobuniwa na afisa aitwaye Henry Hopkins Sibley kwa kuiga mahema ya Wahindi Wekundu wa nyanda za magharibi. Sibley alikuwa na mkataba wa kulipwa dola tano kwa kila hema. Vita vilipoanza akaenda upande wa Kusini, na jeshi la Kaskazini likaendelea kulala ndani ya mahema yake bila kumlipa senti. Baadaye likaja hema dogo: kila askari anabeba kipande kimoja cha turubai chenye vifungo, wawili wanaunganisha, wanatambaa ndani. Walilidharau mno. Walisema ni kibanda cha mbwa, na wengine wakachukua mkaa wakaandika juu ya turubai kwamba hapa wanauzwa watoto wa mbwa. Huo nao, kwangu mimi, ni mchoro wa kambini, tena mchoro uliofuliwa na mvua ya kwanza.

Turubai hilo la pamba linanikumbusha jambo ambalo wazee wa Unguja hapa watalishika upesi. Merikani. Ile nguo nyeupe isiyopaushwa iliyokuwa fedha ya misafara yote ya bara ilitoka viwanda vya Massachusetts, jimbo la Reed, ikaletwa Unguja na merikebu za Salem. Pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza pamba haikufika viwandani, bei ikapaa, na biashara ya Wamarekani Unguja ikanywea. Nguo za Waingereza na za Wahindi zikajaza pengo. Kwa hiyo kijana huyu alipokuwa analala kwenye turubai lenye matope kule Virginia, mpagazi wa Tabora alikuwa anauliza mbona merikani imepungua. Sisemi zaidi ya hapo. Nimefurahi tu kulijua.

Turudi kambini. Kuna jambo moja ambalo mchoraji wa gazeti hakulikaribia mara nyingi, nalo ni adhabu. Magari ya risasi za mizinga yalikuwa na gurudumu la akiba limefungwa nyuma, spea kama tunavyosema. Mkosaji alitandazwa juu ya gurudumu lile, mikono na miguu ikafungwa pande nne. Na likizungushwa robo tu, mtu ananing'inia ubavu. Wengine walivishwa pipa lililotobolewa tundu la kichwa, wakatembezwa kambini. Wengine walifungwa mikono magotini, fimbo ikapitishwa chini ya magoti na juu ya mikono, kipande cha mti mdomoni. Gazeti la nyumbani linalohamasisha vijana kujiunga litachapa hilo? Aliyekuwa anapita pale akienda kuteka maji ndiye aliyelichora.

Nami nina dhambi ya namna hiyo. Nilipokuwa JKT, kambi siitaji, nilikuwa na daftari la kurasa themanini ambalo nilidanganya kuwa ni la sala. Usiku mmoja wa lindo nilimchora koplo wetu amelala, mdomo wazi, bunduki imemwegemea kama mke. Asubuhi kwenye ukaguzi wa hanga daftari likapatikana. Afande akalifungua palepale mbele ya kombania nzima. Mimi nikaanza kuhesabu mizunguko ya kuruka kichura. Akageuza kurasa polepole. Akafika kwa koplo, akapita. Akafika kwenye ukurasa aliokuwa yeye mwenyewe, akatazama muda mrefu sana, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuruta, mbona mimi umenichora mfupi?" (Kicheko.) Niliruka kichura, msidhani nilipona. Lakini jioni aliniita nimchore tena.

Nawasimulia hili kwa sababu ya neno "mfupi". Afande hakuuliza kama mchoro ni mzuri. Aliuliza kuhusu ushahidi. Ukichora kambini, waliochorwa wako hapohapo, na wote ni mahakimu. Askari wa bateri ya Reed walijua kopo la kahawa lilivyoshikwa, upande gani wa farasi unapakiwa kwanza. Usingewadanganya. Mchoraji asiyefundishwa atashindwa mikono, mtaona mara nyingi anaificha mfukoni. Farasi wake miguu imezama kwenye majani kwa sababu miguu ya farasi ni msiba. Lakini birika litakuwa sahihi, na tundu litakuwa palepale lilipokuwa.

Sasa nifike mahali pagumu, na wenye watoto wadogo msiogope, ni pagumu kwa akili tu.

Huyu wa pili ni John Jacob Omenhausser, mtu wa Richmond, askari wa Kusini, Kikosi cha 46 cha Virginia. Alitekwa 1864 na kupelekwa Point Lookout, Maryland, pale mto Potomac unapokutana na ghuba ya Chesapeake. Ilikuwa kambi ya mateka kubwa kuliko zote za Kaskazini. Humo akachora kwa rangi za maji, na michoro yake leo imetawanyika katika maktaba zaidi ya moja. Mkono wake ni wa mtoto, kweli. Watu wake wana vichwa vikubwa na wote wanatazama upande. Lakini soko la mateka limo lote: wanaouza hiki na kile, wanaocheza kamari, biskuti na tumbaku zikiwa ndiyo sarafu, wanaowinda panya na si kwa mchezo.

Walinzi wa kambi ile wengi walikuwa askari weusi. Kaskazini ilikuwa imekwisha kuandikisha watu weusi, ambao mwishowe walifika wapatao 180,000, wengi wao watumwa wa jana. Fikirini hali ile: mzungu wa Kusini amekaa mavumbini, na aliyeshika bunduki juu yake ni mtu ambaye mwaka uliopita angeweza kuuzwa mnadani. Omenhausser analichora. Mlinzi anamfukuza mateka kwenye uzio, na maneno yanayotoka kinywani mwake yanasema kwamba fito ya chini sasa iko juu. Maneno ya watu wa shamba, ya watu waliojenga uzio kwa mikono yao.

Nilipouona mchoro ule mara ya kwanza nilifurahi. Nilipoutazama mara ya pili nikakunja uso. Maana mlinzi yule hakuchorwa kama mtu. Mateka kila mmoja ana ndevu zake, kofia yake, kiraka chake. Mlinzi ana midomo na macho, basi, kikaragosi cha tamasha la kuchekesha wazungu, na lugha yake imeandikwa kwa kupindwa ili msomaji acheke. Wala kosa hili si la watu wa Kusini pekee. Geuzeni kurasa za wachoraji wa Kaskazini, wale waliokuwa wanapigania upande wa kukomesha utumwa, mtamkuta mpishi mweusi, mchunga nyumbu mweusi, naye mara nyingi amechorwa kwa kalamu ileile ya dhihaka. Mpishi huyo alimpikia mchoraji kahawa kila alfajiri miaka miwili, lakini sufuria ndilo lililochorwa kwa heshima.

Kwa hiyo ninapowaambia michoro hii ni ushahidi, nawaambia muisome kama hakimu anavyomsikiliza shahidi wa mtaani. Kuhusu birika, mwamini. Kuhusu hema, tope, chawa, foleni, mwamini kuliko jenerali. Kuhusu uso wa mtu asiyekula naye, mwulize tena. Mazoea ya mkono hayaondolewi na ukaribu peke yake. Sisi wachora katuni wa hapa tusicheke sana. Nendeni mkatazame tulivyowachora wahamiaji, au watu wa kijijini, au wanawake wanene, miaka ishirini iliyopita. Mimi mwenyewe nina michoro ambayo siku hizi naipitisha haraka.

Na waliochorwa hivyo walikuwa na picha zao. Huko Philadelphia alikuwepo mchoraji mweusi, David Bustill Bowser, aliyepaka bendera za vikosi vya askari weusi vilivyofunzwa Camp William Penn. Ile ya Kikosi cha 127 iliandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni: tutathibitisha kwamba sisi ni wanaume. Hapo mtu mweusi ana uso, ana sare iliyofungwa vifungo vyote, anatazama mbele. Si mchoro wa barua, najua, na Bowser hakuwa askari. Nimeuleta kwa sababu haukubeba birika. Ulibebwa mbele ya watu wanaokwenda kufa.

Nina dakika chache, kwa hiyo niwape mmoja wa mwisho kwa kifupi. Robert Knox Sneden, mzaliwa wa Nova Scotia, askari wa Kikosi cha 40 cha New York, mchora ramani. Alitekwa Novemba 1863, akapitishwa Richmond, akaishia Andersonville, Georgia. Pale waliingia mateka wapatao 45,000, na karibu 13,000 hawakutoka. Sneden alitoka. Miaka iliyofuata aliichora upya vita yake yote kwa rangi za maji, mamia ya picha, na kuandika maelfu ya kurasa, halafu mwaka 1918 akafa kwenye nyumba ya wakongwe wa jeshi huko Bath, New York. Rundo lile lote likalala. Miaka ya 1990 ndipo jumuiya ya historia ya Virginia ilipolipata. Miaka zaidi ya sabini kwenye giza, rangi zikiwa bado mbichi kwa kuwa hakuna jua lililozigusa.

Mchoro wake wa Andersonville huu hapa. Mtazameni huyu wa pembeni kushoto, aliyekaa chini ya shuka lililotundikwa kwenye vijiti. Hafanyi kitu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chai naona haijafika, na aliyeifuata tunaambiwa yuko njiani, maneno ambayo kila mtu hapa anayajua maana yake. Basi toeni madaftari. Mchore aliyekaa mbele yako akingoja chai. Mikono msiifiche.